Mtungi Haujaisha: Kwa Nini Jiko la Gesi Hugoma

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, hapa Arusha, jirani yangu alinigongea mlango akiwa ameshika sufuria la wali lililopiga masizi mpaka mikono yake ikawa myeusi. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amenunua mtungi wa kilo 15. Moto ulipoanza kufifia na kugeuka wa njano, akaamini gesi imeisha. Akamwita kijana wa bodaboda, mtungi ukaenda dukani, mwingine ukaletwa. Akafunga, akawasha. Moto ukawa uleule: mfupi, wa njano, unapepea kama wa kibatari.

"Wananiuzia hewa hawa," alisema, na machozi yalikuwa karibu. Pesa ya mitungi miwili ndani ya mwezi mmoja si ndogo.

Hakuuziwa hewa. Mtungi wa kwanza ulirudi dukani na gesi yake, wa pili ulikuwa umejaa, na kilichopungua kwenye jiko lake kilikuwa hewa yenyewe. Nitaeleza tulichokikuta ndani ya jiko hilo, ila kwanza tuelewane gesi inavyofanya kazi, maana malalamiko kama yake nayasikia kila mahali. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi inaingia katika nyumba zilizolelewa na mkaa. Mkaa tulifundishwa na mama zetu: namna ya kuupepea, kuuchochea, kuufunika majivu ulale hadi asubuhi. Gesi tumepewa pamoja na risiti tu.

Ndani ya mtungi kuna nini

Ukiinua mtungi na kuuyumbisha kidogo, utasikia kitu kinacheza kama maji. Ni kimiminika kweli. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani, zilizobanwa mpaka zikawa majimaji ili ziingie nyingi mahali padogo. Lita moja ya kimiminika hicho ikiachiwa huwa zaidi ya lita 200 za gesi.

Kimiminika hicho huchemka kwenye baridi. Maji yanahitaji nyuzi 100 ili yachemke, lakini butani huchemka karibu na nyuzi sifuri, na propani nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo joto la kawaida la jikoni kwako, kwa gesi hii, ni kama kuiweka juu ya moto. Inachozuiwa nacho ni chuma cha mtungi tu. Sehemu ya juu ya mtungi huachwa wazi makusudi, na hapo ndipo gesi hujikusanya. Ukiwasha jiko, gesi ya juu inatoka, na kimiminika kinachemka kidogo ili kujaza nafasi yake.

Hapa ndipo geji inapowachanganya watu. Baadhi ya regulata, kile kifaa kinachofungwa kwenye vali ya mtungi kushusha presha, zina geji yenye mshale na rangi, kijani hadi nyekundu, na wengi wanaisoma kama geji ya mafuta kwenye gari: mshale ukiwa kijani, gesi ni tele. Sivyo. Geji hiyo inapima presha, haipimi kiasi. Fikiria birika la chai linalochemka. Likiwa limejaa au limebaki na robo, mvuke unasukuma kifuniko kwa nguvu ileile, na utakoma pale tu maji yatakapokauka. Mtungi nao ni hivyo. Maadamu kuna kimiminika ndani, presha hufuata zaidi joto la siku hiyo, na mshale unaweza kukaa kijani hadi siku moja kabla ya kuishiwa, kisha ukaanguka ghafla. Na asubuhi ya baridi unaweza kushuka kwenye njano wakati mtungi bado una nusu.

Kipimo cha kuaminika ni mizani. Kwenye shingo au mshikio wa mtungi kumegongwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi baada ya herufi TW. Tuseme imeandikwa 16.2, na mizani inasoma 20.7. Una kilo 4.5 za gesi. Basi. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, inawataka wauzaji wawe na mizani dukani, kwa hiyo unapoomba mtungi upimwe mbele yako hupaswi kuona haya. Kama huna mizani nyumbani, mwagia kikombe cha maji ya moto ubavuni mwa mtungi, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale joto linapokatika na chuma kuwa cha baridi ndipo kimiminika kilipofika.

Tukiwa kwenye vipimo, tumalize na ile hoja ya "gesi inaisha haraka". Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu kilowati-saa 12.8. Kichomeo cha kawaida cha kilowati 2 kikiwashwa moto wote hula gramu 150 na zaidi kidogo kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unakupa saa 38 hivi. Mpishi wa saa mbili kwa siku atafika siku ya 19. Anayechemsha maharage saa tatu kila siku bila kuyaloweka hatamaliza wiki ya pili, na hajaibiwa.

Fuata njia ya gesi

Mtungi ukiwa una gesi na jiko bado linagoma, usianze kufungua kila kitu. Gesi ina njia moja: mtungi, vali, regulata, mpira, swichi ya jiko, kitundu cha nozeli (ile ncha inayorusha gesi ndani ya kichomeo), kichomeo. Kabla ya yote, washa kichomeo cha pili. Vichomeo vyote vikiwa dhaifu, tatizo liko nyuma, kuanzia kwenye mtungi hadi kwenye mpira. Kimoja kikiwa dhaifu na kingine kizima, mtungi hauhusiki kabisa, na regulata haihusiki.

Jirani yangu alikuwa hajawahi kukigusa kichomeo chake kidogo, yeye hupikia kile kikubwa siku zote. Tulipokiwasha kidogo, kikawaka buluu safi kama maua ya mjakaranda. Swali la dakika moja lingemwokolea mtungi mzima.

Tuseme lakini vyote ni dhaifu. Angalia mpira kwanza, umekunjika nyuma ya kabati au umekaliwa na mguu wa meza? Kisha regulata. Kazi yake ni kushusha presha. Ndani ya mtungi, kwa kutegemea mchanganyiko na joto, presha inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya tairi la gari dogo. Jiko la mezani linataka kidogo mno. Chukua mrija, uzamishe sentimita 30 ndani ya ndoo ya maji, upulize mpaka povu litoke. Nguvu hiyo ya mashavu yako ndiyo presha inayofika kwenye kichomeo. Ndiyo maana fundi anayekufungia regulata ya presha kubwa kwenye jiko la mezani "ili moto uwe mkali" anakuwekea hatari ndani ya nyumba. Regulata ile ni ya vichomeo vikubwa vya mama lishe na vya shughuli.

Kuna regulata na vali zenye ulinzi ndani: gesi ikitoka kwa kasi isiyo ya kawaida, kama vile mpira umekatika, zinabana njia na kuacha upenyo mdogo. Ukifungua mtungi kwa pupa wakati swichi ya jiko iko wazi, ulinzi huo unadhani mpira umekatika. Unapata mtungi mzito, uliojaa, na moto wa kuhurumia. Dawa yake ni rahisi: zima swichi zote za jiko, funga mtungi, subiri dakika moja au mbili, fungua mtungi polepole, kisha washa kichomeo kimoja. Wenye magari ya kulala kule Marekani, yale yenye jiko na kitanda ndani, wanaujua mchezo huu vizuri, maana mitungi yao ya propani ina ulinzi wa namna hiyo.

Mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake ni habari tofauti. Wengi hufunga kichomeo moja kwa moja kwenye vali, bila regulata, kwa hiyo gesi inakuja na presha yake yote. Ukikaza kichomeo na moto haupandi, mara nyingi hakijashuka vya kutosha kubonyeza kile kipini cha vali. Na ukisikia mlio wa gesi inayovuja pale kinapofungwa, angalia kile kimpira cheusi cha mviringo ndani ya vali. Kikikatika au kikikosekana, rudisha mtungi. Usijaribu kuziba kwa sabuni ya mche au kwa uzi, na usikubali mtu akuzibie hivyo.

Moto wa njano ni njaa ya hewa

Gesi haiungui peke yake, huungua na hewa, na hewa inayohitajika ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Debe moja la propani linataka karibu madebe 24 ya hewa, na debe la butani karibu 31. Sehemu ya hewa hiyo huingia chini ya kichomeo. Gesi ikitoka kwa kasi kwenye kitundu cha nozeli inaikokota hewa ya pembeni kuingia nayo kwenye bomba la kichomeo, kama basi la mkoani linavyopita na kuvuta vumbi na makaratasi nyuma yake. Vikichanganyika vizuri, moto ni wa buluu, umetulia, una ncha kali.

Hewa ikipungua, sehemu ya gesi haiungui yote. Inabaki chembe ndogo za kaboni, zinawaka njano kwa joto, kisha zinaganda chini ya sufuria. Hayo ndiyo masizi. Kibatari kina moto wa njano kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo sufuria likipiga masizi, ni jiko linalokosa pumzi. Kusema gesi ni chafu au imechanganywa ni kumkamata asiyehusika. Kuna tofauti moja ya kuijua: cheche za rangi ya chungwa zinazotokea na kupotea, hasa baada ya kufagia au chumvi ilipomwagikia kichomeo, ni vumbi na chumvi vinaungua. Hizo ziache.

Tulikifungua kichomeo cha jirani. Juu kilikuwa safi, mtu mwenye usafi wake, anakisugua kila Jumapili. Nikakigeuza na kuchungulia ndani ya bomba lake kwa tochi ya simu. Katikati kulikuwa na utando wa buibui, mnene, umeshika vumbi la unga na mafuta ya kukaangia mpaka umekuwa kama pamba chafu. Buibui anapenda mabomba ya namna hii kwa sababu ni membamba, yana giza na hayaguswi. Gesi ilikuwa inapita, hewa haipiti.

Tuliomba unyoya mrefu wa kuku kwa mama wa nyumba ya tatu. Unyoya unainama unapokutana na kona, na hauchubui. Nikausukuma ndani, nikauzungusha, ukatoka umevaa utando wote. Tukaosha kichomeo, tukakianika juani hadi kikauke kabisa, kwa sababu kichomeo chenye maji nacho hutoa moto wa njano na wa kuzimazima. Jioni wali ulipikwa kwa moto wa buluu.

Onyo juu ya kile kitundu cha nozeli: kikiziba, kioshe kwa maji ya sabuni na ukipulize. Usikichokoe kwa sindano wala waya wa chuma. Kitundu kile kimetobolewa kwa kipimo, na ukikipanua hata kidogo gesi itazidi hewa, nawe utakuwa umejitengenezea masizi ya kudumu.

Kinyume chake pia hutokea, moto unaruka juu ya kichomeo na kuunguruma kama unataka kuondoka. Hapo hewa imezidi au presha ni kubwa mno. Angalia regulata.

Majiko ya oveni, na hata mengi mapya ya mezani, yana kituko kingine: moto unawaka vizuri, ukiachia swichi unazima. Kando ya kichomeo kuna kijiti kidogo cha chuma. Kijiti hicho kikipata moto hutoa umeme mdogo sana, jambo lililogunduliwa na Thomas Johann Seebeck mwaka 1821, na umeme huo ndio unaoishikilia vali ya usalama iwe wazi. Moto ukizimika kwa upepo, kijiti kinapoa, vali inafunga. Kwa hiyo ukiwasha, endelea kubonyeza swichi kwa sekunde kumi hivi, kipate joto. Ukifanya hivyo na bado moto unazima, kijiti kina uchafu au kimepinda kikatoka kwenye moto. Kifute, kirudishe mahali pake. Usimruhusu fundi akiondoe "kisikusumbue".

Baridi na mlima

Umewahi kuona mtungi unatoa jasho, au hata barafu chini? Watu husema gesi imeganda. Haijaganda. Kumbuka ule mtungi wa udongo wa bibi, unavyopoza maji: maji yanayovuja ubavuni yanakauka na kuondoka na joto. Ndani ya mtungi wa gesi, kimiminika kinachochemka nacho kinachukua joto kutoka kwa chuma. Ukiweka kichomeo kikubwa cha shughuli kwenye mtungi wa kilo 6, joto linachukuliwa haraka kuliko linavyorudi, mtungi unapoa, presha inashuka, moto unalala. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi au kuupumzisha. Kuuweka juani, kuuzungushia makaa, kuulaza chali ili "gesi ya chini itoke", yote hayo ni hatari, na la mwisho ndilo baya kuliko yote. Mtungi ukilala au ukigeuzwa, kimiminika chenyewe kinaingia kwenye mpira, na tumeona lita moja inavyogeuka kuwa zaidi ya 200.

Waliohamia nyanda za juu wana lalamiko lao: gesi ya huku ni dhaifu, maharage hayaivi. Gesi ni ileile. Maji ndiyo yamebadilika. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, Arusha karibu 95, Nairobi 94 hivi, na kule Barafu, kambi ya mwisho ya njia ya Machame kabla ya kilele cha Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, huchemka kwa nyuzi 85 hivi. Yakishachemka hayapandi joto tena hata ukiongeza moto. Funika sufuria, loweka maharage tangu jana yake, na punguza moto. Mlimani hewa nayo ni nyepesi, kwa hiyo moto hugeuka wa njano hata jiko likiwa zima, na hapo usipikie ndani ya hema lililofungwa. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hilo linahusu pia magari ya kulala ambayo wageni huyakodi kwenda mbugani, na chumba cha kupanga chenye dirisha moja.

Harufu

Propani na butani hazina harufu. Ule uvundo kama wa kitunguu kilichooza umewekwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika na kujaa chini ya kitanda, kwenye shimo, kwenye kona. Chumba cha mita tatu kwa tatu, kilo moja hivi ikivuja inatosha kukifanya kiwe tayari kulipuka, na sakafuni hata pungufu ya hapo. Watu husema mtungi umelipuka, kumbe mara nyingi kilicholipuka ni chumba. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 pale Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka na kuua watu, na moto ukaruka hadi kwenye nyumba za jirani.

Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa, usipige simu humo ndani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu. Hewa ikishasafika, tafuta uvujaji kwa povu la sabuni kwenye vali, regulata na viungo vya mpira: penye mapovu yanayokua ndipo. Kamwe usitumie kiberiti.

Lipo jambo moja zaidi kuhusu harufu hii. Kitu kinachoipa gesi uvundo huchemka kwa shida kuliko gesi yenyewe, kwa hiyo hubaki nyuma na kurundikana kwenye kimiminika cha mwisho. Siku za mwisho za mtungi harufu huwa kali zaidi unapowasha. Pima kwa povu kwanza uhakikishe hakuna uvujaji. Kama hakuna mapovu, vichomeo vyote viwili vimelala, na mizani inasoma namba ileile iliyogongwa shingoni, hapo mtungi umeisha kweli, mwite kijana wa bodaboda.